Kemshafti yenye nguvu kidogo kwenye 22R: springi na roka zipi zinafaa?

Dereva wa Mombo

Ndugu zangu mafundi, nawasalimu. Nina Hilux pikapu yenye injini ya 22R ya kabureta, ambayo kazi yake ni kushusha viazi na kabichi kutoka Lushoto na kupanda tena kutoka Mombo ikiwa na bidhaa za dukani. Wiki mbili zilizopita nilifungua kava ya valvu kwa sababu ya kelele ya kugonga iliyokuwa haiishi hata baada ya kuseti tapeti (nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu), nikakuta nundu mbili za kemshafti (shafti ambayo nundu zake hufungua valvu) zimelika kiasi kwamba ukizipitishia ukucha unahisi ngazi.

Kwa kuwa kemshafti ni lazima ibadilishwe, nimeona niweke yenye nguvu kidogo kuliko ile ya kiwandani. Muuzaji mmoja ana ya nyuzi 268 (kipimo cha muda ambao valvu inakaa wazi), na amenishauri niinunue pamoja na springi pacha za mashindano, sahani zake na koleti mpya (vishikizi vya springi kwenye shina la valvu), akidai kwamba bila hivyo valvu zitaelea, yaani zitashindwa kufunga kwa wakati. Je, hayo yote yanahitajika? Roka za zamani, yaani mikono inayosukumwa na nundu ili kufungua valvu, zinaweza kurudi? Na je, kazi hii inaweza kufanyika bila kufungua hedi (kichwa cha injini)?

Fundi Hedi

Mkuu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo litakalopanga bajeti yako. Katika 22R boliti 10 za hedi ndizo hizo hizo zinazopita kwenye nguzo za shafti za roka. Ukitaka kutoa roka ili kemshafti itoke, umeshalegeza hedi, na gasketi iliyokwisha kubanwa kwa miaka mingi haiaminiki kubanwa mara ya pili. Kwa hiyo hesabu gasketi mpya ya hedi tangu mwanzo, na ukishafika hapo hakuna sababu ya kuacha sili za valvu za zamani wala kutokagua gaidi (mirija ambamo mashina ya valvu hupita). Kabla ya kuinua hedi, usisahau boliti moja ndogo iliyo mbele kabisa, inayozama kwenye oili chini ya gia ya distributa. Wengi huisahau, wakalazimisha hedi kwa mtaimbo, na kava ya cheni ikapasuka.

Sasa springi. Kazi ya springi ni kuifanya valvu iufuate mgongo wa nundu wakati wa kufunga, na valvu huelea pale mizunguko inapozidi uwezo wa springi hiyo. Injini yako ina pistoni za kipenyo cha 92 mm zinazosafiri 89 mm, ina valvu nzito mbili tu kwa kila silinda, na gari la mzigo kwenye mlima ule halivuki mizunguko 4,500 kwa dakika isipokuwa dereva amekasirika. Springi pacha za mashindano zimetengenezwa kwa mtu anayepita 6,500. Kwako wewe zitaongeza mgandamizo kati ya nundu na uso wa roka bila faida yoyote, na katika injini hii roka haina gurudumu: inasugua chuma kwa chuma, ikikingwa na utando wa oili tu. Chukua springi mpya za kawaida, au zile za waya mmoja zenye nguvu kidogo zaidi ambazo mchongaji wa kemshafti mwenyewe amezitaja.

Jambo usiloweza kuliruka ni kipimo. Pima kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya) urefu wa springi ikiwa imefungwa kwenye hedi, valvu ikiwa imeziba, kisha utoe kimo ambacho kemshafti mpya inainyanyua valvu, halafu ulinganishe na urefu wa springi ikiwa imebanwa hadi mapindi yake yamegusana. Kwa mfano, springi ikiwa na 40 mm na kemshafti ikanyanyua 11 mm, zinabaki 29 mm. Kama springi hiyo hugusana ikifika 27 mm, una akiba ya 2 mm na mambo ni salama. Kama hugusana ikifika 28.5 mm, usifunge injini hiyo, kwa maana akiba isipungue 1.5 mm. Fanya hesabu kama hiyo pia kati ya upande wa chini wa sahani na ncha ya sili, kwa sababu sahani ikigonga sili utaanza kuona moshi wa buluu na utamlaumu fundi wa pistoni bure.

Koleti na sahani za kiwandani, kama hazina mikwaruzo wala ngazi, zinatosha kabisa.

Bibi Spana

Naongezea kwa yaliyonipata. Niliwahi kuuziwa springi ngumu kwa maneno hayo hayo ya kuelea, nikazifunga juu ya roka zangu za zamani bila kuzisawazisha nyuso. Haikumaliza miezi minne. Nilipofungua, uso wa roka ya eksozi ya silinda ya tatu ulikuwa umechimbika kama kijiko, na nundu yake imebaki duara. Roka za zamani zisirudi juu ya kemshafti mpya kama zilivyo: ama ununue mpya, ama uzipeleke kwa mwenye mashine ya kusaga nyuso zake.

Dereva wa Mombo

Nawashukuru sana. Springi pacha nimeziacha. Kuna fundi mwingine amesema anaweza kuichonga upya kemshafti yangu ya zamani kwa bei nafuu. Je, hilo linabadilisha chochote upande wa roka?

Fundi Hedi

Linabadilisha, mkuu. Anayechonga upya hawezi kuongeza chuma, basi hupata kimo kwa kupunguza duara la chini la nundu. Roka yako itashuka zaidi upande wa kemshafti, na skrubu ya kurekebishia itabidi itokeze zaidi upande wa valvu, ikilisukuma shina la valvu kwa pembe badala ya kulisukuma wima. Paka wino wa kalamu nzito juu ya shina, funga roka, zungusha injini kwa mkono mara mbili, kisha fungua utazame alama. Ikiwa iko katikati na ni nyembamba, endelea. Ikiwa imekimbilia ukingoni, unahitaji kofia ndogo za chuma za kuvika kwenye shina, au uiache kemshafti hiyo.

Kuhusu nyuzi 268, mimi ningeshuka hadi karibu na 260 kwa gari linalopanda na mzigo. Kadiri valvu inavyokaa wazi muda mrefu ndivyo nguvu inavyohamia mizunguko ya juu, nawe unaihitaji chini. Lakini usilinganishe namba za wachongaji wawili kabla hujajua kila mmoja anaanza kuhesabu nyuzi valvu ikiwa imenyanyuka kiasi gani.

Nafasi ya tapeti ifuate karatasi ya mchongaji. Ile ya kiwandani, 0.20 mm kwa valvu za kuingiza na 0.30 mm kwa eksozi injini ikiwa ya moto, ni ya kemshafti ya kiwandani.

Siku ya kuwasha, paka grisi ya kufungia injini kwenye kila nundu, tumia oili yenye zinki ya kutosha, hakikisha mafuta yamefika kwenye kabureta na taimingi iko sawa ili injini ishike mara moja, kisha uishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20. Usiiache sailensi (ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta) hata kidogo katika muda huo, kwa kuwa oili inayorushwa juu ya nundu huwa haitoshi.

Dereva wa Mombo

Nimeelewa. Jumamosi hedi inashuka, nami nitaleta hapa vipimo vya springi kabla sijanunua chochote.