Subaru Impreza WRX STI yapanda joto baada ya kuwekewa intakula ya mbele: nianzie wapi?

Mpanda_Milima (swali)

Salaam ndugu zangu. Ninaendesha Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, yenye injini ya EJ207 ya lita 2.0, iliyoagizwa kutoka Japani, na makazi yangu ni Nairobi. Miezi mitatu iliyopita niliondoa intakula yake ya asili (kipoza cha hewa ambayo tabo, pampu inayozungushwa na moshi wa injini, huisukuma ndani ya injini), ile inayokaa juu ya injini chini ya boneti, nikaweka kubwa zaidi mbele ya rejeta, kwa sababu ile ya juu ilikuwa ikinyonya joto la injini kila nilipokwama kwenye foleni. Upande wa nguvu sina lalamiko. Tatizo ni joto la maji.

Geji ya dashibodi hubaki katikati hata hali inapokuwa mbaya, kwa hiyo nilichomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari nikaanza kuandika tarakimu. Kwenye foleni joto huwa kati ya nyuzi 92 na 96, na feni huwaka na kuzima kama kawaida. Katika barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hushuka hadi 88. Lakini ninapopanda mteremko wa Mai Mahiu kuelekea Limuru nikiwa nimekanyaga mafuta sawasawa, au ninapokuwa kwenye mbio za kupima muda, baada ya dakika nne au tano hufika 108, na wiki iliyopita niliona 112 nikaachia.

Pampu ya maji na themostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakishapata joto) ni mpya. Fundi mmoja ananishauri ninunue rejeta nene ya alumini, mwingine anasema nitoe themostati kabisa. Rejeta ya namna hiyo si ya bei ndogo, nami sitaki kununua kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Fundi_Rejeta

Ndugu, umefanya vyema kuandika tarakimu, kwa kuwa zimekwisha kujibu nusu ya swali lako. Gari linalochemka likiwa limesimama lina shida ya feni. Lako linatulia kwenye foleni na hupanda joto pale tu injini inapofanya kazi nzito, ambapo upepo wa mwendo ndio unaotegemewa, kwa hiyo mimi ningeutazama upepo kabla ya kuitazama rejeta.

Fikiria kinachotokea sasa. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 25 na maji yakiwa 110, tofauti ni nyuzi 85, na uwezo wa rejeta kutoa joto huenda sambamba na tofauti hiyo. Intakula ikiipasha hewa hiyo hadi 45 kabla haijafika kwenye rejeta, tofauti inabaki 65, yaani umepoteza karibu robo ya uwezo bila rejeta yenyewe kuharibika. Ongeza urefu wa Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, na tabo inalazimika kuzunguka kwa nguvu zaidi ili kufikisha presha ileile.

Jambo la pili, ambalo naliona kila wiki, ni kwamba anayefunga intakula ya mbele hukata plastiki zilizokuwa zikiuongoza upepo kutoka kwenye bampa, halafu harudishi kitu mahali pake. Upepo hupita palipo rahisi: ukiona nafasi ya vidole viwili kati ya intakula na rejeta, au pembeni mwa rejeta, utazunguka hapo na kuuacha wavu wa rejeta. Ziba kila mwanya, pembeni, juu na chini, kwa bati jembamba la alumini na sponji ngumu isiyoyeyuka kwa joto, hadi upepo ulioingia kwenye bampa usiwe na njia nyingine. Kisha chungulia chini ya gari. Kama kinga ya plastiki ya chini ya injini iliondolewa, irudishe, kwa maana bila hiyo upepo wa chini hupanda ndani ya chumba cha injini na kuisukuma ile hewa inayotakiwa kutoka nyuma ya rejeta. Mdomo wa boneti nao, ambao zamani uliilisha intakula ya juu, sasa unamwaga hewa nyuma ya rejeta yako. Ningeuziba.

Themostati usiitoe. Ikishafunguka yote si kizuizi kikubwa, na bila hiyo injini itachelewa kupata joto lake kila asubuhi huku oili ikiwa nzito.

Mhandisi_wa_Pwani

Nakubaliana na Fundi kuhusu kuziba mianya, ila juu ya mdomo wa boneti ningeenda polepole. Hewa inayoingia hapo huipoza tabo na mipira iliyo karibu nayo, na sijaona magari mawili yaliyotoa jibu moja. Uzibe kwa utepe siku moja, uuache wazi siku nyingine, njia ileile na saa ileile, kisha tarakimu ziamue.

Kabla ya yote, hata hivyo, pima kifuniko cha rejeta. Katika kimo cha Nairobi maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ni presha ya kifuniko inayoyazuia: kifuniko kizima cha bar 1.1 huyapandisha hadi karibu 120, wakati kilicholegea huacha mapovu yaanze kuzunguka kwenye hedi (kifuniko cha silinda), mahali ambapo joto halivumiliki hata kidogo. Pima pia kama gesi ya mwako inaingia kwenye maji, kwa ile dawa ya buluu inayogeuka njano. Silinda hedi gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) iliyoanza kuvuja hujificha kwenye foleni na kujitokeza tabo inapofanya kazi, jambo linalofanana mno na maelezo yako.

Kuhusu kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, nusu kwa nusu ni kwa wenye barafu. Mchanganyiko huo hubeba joto pungufu ya maji kwa zaidi ya asilimia 10. Kwetu sisi, sehemu moja ya kulanti kwa mbili za maji yaliyotoneshwa inatosha kuzuia kutu. Usitumie maji ya kisima, kwani chumvi yake hujenga gamba ndani ya rejeta.

Na oili je, umeipima? Injini yako hupoza oili kwa maji hayohayo, kwenye kile kipoza kilicho juu ya filta, kwa hiyo joto la oili huishia kwenye rejeta ileile unayoilaumu.

Mpanda_Milima

Nawashukuru sana. Dawa ya buluu ilibaki buluu. Kifuniko kilikuwa kimechoka, nimeweka kipya. Niliziba mianya yote (upande wa kushoto mkono mzima ulikuwa ukipita), nikarudisha kinga ya chini na kubadilisha mchanganyiko wa kulanti. Mteremko uleule, saa ileile ya alfajiri: kilele ni nyuzi 101. Mdomo wa boneti ukiwa umezibwa au wazi, tofauti ilikuwa nyuzi moja tu, hivyo nimeuacha wazi. Sasa oili, ambayo sikuwahi kuipima, imefika 127. Nikiweka kipoza cha oili cha hewa, nikifunge wapi?

Fundi_Rejeta

Popote isipokuwa mbele ya rejeta, ndugu yangu, usije ukairudisha shida uliyoiondoa. Kifunge kwenye kona ya bampa, nyuma ya tundu la taa ya ukungu, ukate dirisha kwenye plastiki ya ndani ya madigadi ili hewa moto itokee upande wa gurudumu. Nunua chenye themostati yake, ili oili isipite humo kabla haijapata joto.