Mkunga nataka kuingia kwenye utafiti, hela ya kuanzia inapatikana wapi?

LebaUsiku: Wakuu habari za majukumu. Mimi mkunga, nina digrii, niko leba hospitali ya wilaya, mwajiri halmashauri. Tangu utafiti wa E-MOTIVE, ule wa kugundua na kutibu mapema damu nyingi baada ya kujifungua, utoke 2023, na Tanzania tulikuwemo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, hapa kwetu tuliletewa ile mifuko yenye mistari ya kupimia damu baada ya mama kujifungua. Sasa ikiisha tunarudi kukadiria kwa macho, damu imelowa kwenye khanga na shuka, nani atajua ni mililita ngapi, na naona kabisa tunachelewa kushtuka. Nataka nilichunguze hilo ila matangazo ya ufadhili karibu yote yanataka PhD au uwe mhadhiri. Sisi wa wodini tunaanzia wapi jamani?

Mzawa_wa_Kilosa: Dada achana na yale makubwa kwanza. CARTA, ule mpango wa kuandaa watafiti Afrika, ni ya PhD na ni kwa watumishi wa vyuo na taasisi wanachama. Za NIH, taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya, nyingi zinataka uwe na udaktari tayari, na tangu 2025 hela za kule zimeyumba sana. Tafuta mastazi yenye utafiti ndani, Commonwealth ya Uingereza wanachukua Watanzania, DAAD ya Ujerumani nao wana ufadhili wa kusoma hapahapa Afrika.

MamaShifti: Ila barua ya mwajiri kwanza!! Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mimi nilipata chuo, ruhusa ikachelewa mpaka nafasi ikapita, iliniuma mno.

Takwimu na Uzazi: Mi naona hata kabla ya mastazi unaweza kuanza, maana swali lako halihitaji mamilioni. Data unayo hapohapo, rejesta ya MTUHA namba 12 (ile ya leba), partografu (chati ya kufuatilia uchungu), mafaili. Ila angalia hapa: usilinganishe idadi ya PPH (kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua) tu miezi yenye mifuko na isiyo na mifuko, ukipima vizuri utazigundua nyingi zaidi, itaonekana kama mifuko ndo imeleta tatizo wakati ilikuwa inafichua. Angalia mama alianza kutibiwa baada ya dakika ngapi, wangapi waliongezewa damu, wangapi walipewa rufaa. Na mafaili ya wagonjwa hugusi bila kibali cha maadili, iwe cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, au cha bodi ya chuo, kwa hiyo tafuta mhadhiri wa ukunga MUHAS, UDOM au Aga Khan awe mtafiti mkuu, wewe uwe mwenza. Hela ndogo ya kibali, kuchapa fomu na nauli ni rahisi kuombewa chini ya jina lake. Lakini mkubaliane kwa maandishi mapema kwamba jina lako litakuwa kwenye makala, wakunga wengi wanakusanya data kisha wanaishia kushukuriwa mwishoni na hiyo haikubaliki.

LebaUsiku: Asanteni sana, hilo la PPH kuonekana nyingi sikuliwaza kabisa. Sasa huyo mhadhiri hanijui, namwandikia nini?

Takwimu na Uzazi: Ukurasa mmoja tu. Swali, hospitali yako inazalisha akina mama wangapi kwa mwezi, data gani ipo, na unaomba nini kwake. Cheki pia na chama cha wakunga, TAMA, wanawafahamu wahadhiri wengi. Ukishaandika lete hapa tuisome kabla hujatuma.