Mjadala: Je, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki umempunguzia mkulima mdogo umaskini?

Mtoa hoja:

Inasemwa mara kwa mara kwamba tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze kutekelezwa Januari 2005, ushuru baina ya nchi wanachama umeondolewa, biashara imekua, na kwa hiyo umaskini umepungua. Mawili ya kwanza siyapingi. La tatu ndilo ninaloliweka mezani.

Tuchukue mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka, na baada ya siku chache ikaliondoa zuio hilo kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sharti lenyewe ni halali, maana sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Suala ni nani anayemudu cheti. Mwenye malori huigawa gharama ya kipimo katika mamia ya magunia, ilhali mkulima wa Kiteto, Tanzania, mwenye magunia kumi hana pa kuigawia, hivyo humuuzia dalali papo hapo shambani, kwa bei atakayotajiwa, na mara nyingi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Nafuu ya ushuru inaishia kwa dalali.

Upo, ni kweli, utaratibu rahisi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ambapo cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha kwamba imetoka nchi mwanachama, hutolewa pale pale mpakani. Ni jambo jema, pengine kuliko yote yaliyomo katika mpango huu, lakini cheti hicho hakimwondolei mchuuzi masharti ya afya ya mimea na ubora. Ndiyo maana wengine bado wanapita njia za panya, ambako mzigo ukikamatwa hakuna pa kulalamika.

Mchangiaji:

Ndugu mtoa hoja, umemtazama anayeuza, ukamsahau anayenunua. Ushuru wa pamoja wa nje, yaani ule unaotozwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, kwa mchele ni asilimia 75, na kwa mahindi asilimia 50. Maskini wengi wa mijini, na hata wa vijijini katika miezi ya kabla ya mavuno, hununua chakula, na ushuru huo wanaulipa wao dukani. Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza mchele asilimia 35 kwa sababu hiyo hiyo. Aidha, Tanzania ilipoteketeza vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya pale mpakani Namanga mwaka 2017, huo haukuwa udhaifu wa mkataba wa umoja huu bali ukaidi wa serikali. Tusiulaumu mkataba kwa kutofuatwa.

Mtoa hoja:

Kuhusu mnunuzi nakubaliana nawe, ndugu yangu, ingawa ruhusa hiyo ina mtu inayemuumiza. Mkulima wa mpunga wa Mbarali, Tanzania, hupanda akijua kwamba soko la jirani, Kenya, lina kinga ya asilimia 75, kisha viwango vipya vya ushuru vinaanza kutumika Julai, mpunga ukiwa umeshavunwa. Bora asilimia 35 ya kudumu kuliko 75 inayobadilishwa kila bajeti.

Kuhusu ukaidi sikubaliani hata kidogo. Mkataba unaoweza kusimamishwa kwa barua moja, bila taarifa wala fidia, una kasoro ndani yake. Kampuni ya sigara ya British American Tobacco ilipotozwa na Uganda ushuru wa ndani mkubwa zaidi kwa sigara zilizotengenezwa Kenya, ilikwenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na mwaka 2019 ikashinda. Mwenye vifaranga au magunia kumi angewezaje kwenda huko, akiwa na wakili gani? Anayeutetea mkataba aanze kwa kujibu hilo: zuio la ghafla likiwekwa, nani anamlipa mchuuzi ambaye mzigo wake umeozea mpakani, na anadai katika ofisi ipi?