Chanjo zahanatini kwetu imevuka asilimia 100, mbona watoto hawamalizi?

Mganga wa Porini: Wakuu, naomba ushauri. Nasimamia zahanati ya kijiji mkoani Tabora. Kila mwezi tunajumlisha vitabu vya MTUHA (vitabu vya takwimu za huduma za afya), ripoti inapanda wilayani, inaingizwa DHIS2, mfumo wa takwimu wa kompyuta, basi. Penta 1 yetu, yaani dozi ya kwanza ya chanjo ya magonjwa matano, imevuka asilimia 100 ya watoto tuliopangiwa, tukapongezwa! Ila nikifungua rejista ya watoto, safu ya wiki ya 6 imejaa, ya 10 ina mapengo, ya 14 ndiyo usiseme. Nataka kulipeleka suala hili kwenye kamati ya zahanati. Nianzie wapi?

Nesi Mstaafu: Hiyo mia na ushei isikubabaishe, mwanangu. Idadi ya watoto mnayopangiwa ni makadirio ya sensa, na huko kwenu wafugaji na wakulima wa tumbaku wanahamia kila msimu. Chukua idadi ya Penta 1, toa Penta 3 (dozi ya mwisho, ya wiki ya 14), gawa kwa Penta 1, zidisha kwa 100. Wakianza 40 wakamaliza 30, umepoteza asilimia 25. Ikizidi 10 una tatizo, na hapo sensa haihusiki kabisa. Halafu andika majina ya hao waliopotea, kitongoji kwa kitongoji. Kamati haisisimki na asilimia, inasisimka ikisikia mjukuu wa mwenyekiti yumo.

Kijana wa Urambo: 😂😂 Hapo kwa mwenyekiti umemaliza, mama.

Dada Chanjo: Usiwatupie akina mama lawama haraka. Linganisha rejista na leja ya stoo: siku walizokosa, dawa ya chanjo ilikuwepo? Na chanjo ya surua-rubella, ambayo kichupa chake ni cha watoto wengi, mnakifungua hata kwa mtoto mmoja? Kikishafunguliwa kinatupwa yakipita masaa sita, au kliniki ikiisha kabla ya hapo, kwa hiyo wahudumu wengi wanamwambia mama arudi siku watoto wakiwa wengi. Aliyetembea kutoka kambi ya tumbaku na mtoto mgongoni harudi ng'o. Fungueni tu, kichupa ni bei ndogo kuliko mlipuko wa surua.

Mganga wa Porini: Shikamoo Nesi, asante Dada. Nimepanga majina usiku huu. Karibu wote wanatoka vitongoji viwili vya ng'ambo ya mto, na kliniki yetu ni Jumanne, wakati wao huja huku siku ya gulio, Alhamisi.

Dada Chanjo: Sasa si uhamishie Alhamisi?

Nesi Mstaafu: Na mafuta ya pikipiki ya kuwafuata ng'ambo yaingizeni kwenye mpango wa kituo. Fedha siku hizi zinaingia moja kwa moja akaunti ya zahanati, kamati ndiyo inapitisha. Nenda na yale majina.