Kustaafia ugenini kwa pensheni ya dola 1,900: Panama, Ureno, Thailand au Malaysia, wakati masharti hayatulii?

Mstaafu Mtarajiwa

Salaam kwenu wanajukwaa. Mimi na mwenzangu tuna umri wa miaka 63 na 60, na tumekubaliana kuhamia nchi nyingine mara tu tutakapoanza kulipwa pensheni. Pensheni hiyo ni dola 1,900 kwa mwezi. Akiba tuliyo nayo inatosha dharura, lakini haitoshi kununua nyumba. Mwenzangu ana shinikizo la damu na hutumia dawa kila siku, kwa hiyo suala la matibabu kwetu si la kuahirishwa.

Orodha nyingi za nchi zinazowafaa wastaafu hulinganisha kiwango cha mapato kinachotakiwa leo na kuishia hapo. Mimi naona kiwango cha leo ndicho chenye uzito mdogo kuliko vyote. Napenda kujua kiwango hicho kimefungamanishwa na nini, nani anaweza kukibadilisha, na kikibadilishwa, aliyekwisha kuingia analindwaje. Haya ndiyo niliyoyapata mpaka sasa.

Panama hutaka pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi, na dola 250 zaidi kwa kila mtegemezi, hivyo sisi wawili tunahitaji 1,250. Ureno, kwa viza iitwayo D7, hutumia kima cha chini cha mshahara wake, pamoja na nusu yake kwa ajili ya mwenza. Kima hicho kilikuwa euro 705 mwaka 2022, kikawa 820 mwaka 2024, na mwaka 2026 ni 920. Maana yake ni kwamba wanandoa waliotakiwa kuonyesha takriban euro 1,058 mwaka 2022 sasa wanatakiwa kuonyesha 1,380, ingawa sheria ya viza yenyewe haijaguswa hata neno moja. Hispania hutumia kipimo chake cha mapato ya mwezi kiitwacho IPREM, kilichopandishwa hadi euro 600 mwaka 2023, na mwombaji hutakiwa kuwa na mara nne yake, yaani euro 2,400, na 600 nyingine kwa mwenza. Huko hatufiki.

Fundisho kubwa zaidi nimelipata Meksiko, ambako mwombaji wa ukaazi wa muda amekuwa akitakiwa kuonyesha mapato ya mwezi yanayolingana na ujira wa kima cha chini wa siku 300. Mwaka 2018 ujira huo ulikuwa peso 88.36 kwa siku, na mwaka 2025 ulifika peso 278.80. Fanyeni hesabu wenyewe: kutoka takriban peso 26,500 hadi zaidi ya 83,600. Serikali iliwapandishia ujira wafanyakazi wake, jambo jema kabisa, na mlango wa wastaafu wa kigeni ukajifunga bila mtu yeyote kuusukuma.

Naomba maoni, hasa ya wanaoishi katika nchi hizi.

Mkaazi wa Mashariki

Ndugu, umeuliza swali linalostahili kuulizwa. Nitazungumzia Thailand, ambako ninaishi kwa kibali cha wastaafu kinachohuishwa kila mwaka. Masharti yake ni umri wa miaka 50 au zaidi, pamoja na baht 800,000 benki au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi. Viwango hivyo havijapanda kwa muda mrefu, na wengi husema kwa sababu hiyo kwamba Thailand imetulia. Sikubaliani nao, kwa sababu kiwango kinaweza kusimama pale pale huku fedha yako ikikushukia. Dola ilipokuwa na thamani ya baht 36, dola zenu 1,900 zilileta baht 68,400 na mngepita. Ikiwa baht 32, dola zile zile zinaleta 60,800, na hampiti. Hakuna sheria iliyobadilika.

Kwa hiyo wengi wetu tunategemea njia ya amana. Hapo napo kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi mapema. Tangu 2019, zile baht 800,000 hutakiwa ziwe zimekaa katika akaunti miezi miwili kabla ya maombi na miezi mitatu baada yake, na miezi iliyobaki salio lisishuke chini ya 400,000. Ukiugua na kuhitaji fedha za upasuaji, nusu ya amana yako huwezi kuigusa bila kuhatarisha kibali. Ofisa wa uhamiaji hufungua kitabu cha benki ukurasa kwa ukurasa na kufuata salio kwa kidole, mwezi hadi mwezi.

Jambo la pili linawahusu waliofanya kazi Uingereza. Pensheni ya taifa ya nchi hiyo huongezwa kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Ulaya, Marekani au Ufilipino, lakini anayehamia Thailand, Kanada au Australia hubaki na kiwango kile kile alichoanza nacho hadi mwisho wa maisha yake. Anayelinganisha Thailand na Ufilipino kwa kutazama bei za nyumba peke yake amekiruka kipengele ambacho baada ya miaka ishirini kitakuwa kimemla zaidi ya kodi ya pango.

Mpenda Hesabu

Nitaongeza upande wa kodi, maana mapato yanayokubaliwa na ofisi ya uhamiaji si yale yanayobaki mfukoni.

Ureno ilianzisha mwaka 2009 mpango wa kodi kwa wakaazi wapya ambao kwa miaka kadhaa uliwaacha wastaafu wengi wa kigeni bila kulipa kodi kabisa juu ya pensheni zao. Mwaka 2020 ikawekwa kodi ya asilimia 10 kwa wanaojiunga, kisha mwanzoni mwa 2024 mlango ukafungwa kwa wapya, isipokuwa kwa waliokuwa katika kipindi cha mpito. Mpango uliofuata unawalenga watafiti na wataalamu wa aina fulani, na pensheni haimo. Kwa hiyo makala yoyote inayosema kwamba Ureno haitozi pensheni ya mgeni imepitwa na wakati, na mtakaohamia sasa mtatozwa kwa viwango vya kawaida vinavyopanda kulingana na mapato, mradi mkataba wa kodi kati ya nchi mbili hausemi vinginevyo.

Ugiriki imechukua njia nyingine: tangu 2020 mstaafu wa kigeni anayehamishia huko ukaazi wake wa kikodi anaweza kutozwa asilimia 7 tu kwa mapato ya nje kwa muda wa miaka 15. Italia ina kiwango hicho hicho kwa wanaohamia katika miji midogo ya kusini, ila kwa miaka 10. Panama haitozi mapato yanayotoka nje ya mipaka yake. Thailand nayo, tangu Januari 1, 2024, inamtoza mkaazi wa kikodi mapato ya nje anayoyaingiza nchini, hata kama aliyapata mwaka uliotangulia. Zamani ilitosha kusubiri mwaka mmoja kabla ya kuyaingiza.

Nawasihi wote wanaosoma hapa wautafute kwanza mkataba wa kodi kati ya nchi inayowalipa pensheni na nchi wanayoiendea. Mikataba mingi huitenga pensheni ya utumishi wa serikali na pensheni nyingine, na tofauti hiyo inaweza kuamua kila kitu.

Muuguzi Mstaafu

Shikamooni mnaostahili. Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, na ningependa mjadala huu uanzie kwenye matibabu badala ya kumalizikia hapo. Mstaafu wa miaka 63 anaweza kuvumilia kodi kubwa kidogo. Mstaafu wa miaka 78 mwenye moyo dhaifu hawezi kuvumilia kukosa bima.

Bima binafsi humpokea kwa urahisi aliye na afya njema, na kampuni nyingi huweka umri ambao mteja mpya hapokelewi tena, au huyatenga magonjwa aliyokuja nayo. Shinikizo la damu ni miongoni mwa magonjwa hayo. Kwa hiyo swali langu kwa kila nchi ni moja: kuna siku ambayo mgeni ataingia katika mfumo wa umma kwa haki, bila kuulizwa historia ya ugonjwa wake?

Ureno jibu ni ndiyo. Mwenye kibali cha ukaazi hujiandikisha katika huduma ya afya ya taifa na kupewa namba ya mtumiaji. Kasoro yake si ndogo, kwa sababu zaidi ya watu milioni 1.5 nchini humo hawana daktari wa familia, na foleni za wataalamu ni ndefu, lakini hakuna atakayekukataa kwa sababu ya umri. Hispania hukutaka kwanza uwe na bima binafsi isiyokudai mchango unapotibiwa, kisha baada ya mwaka mmoja wa ukaazi unaweza kuingia katika mkataba maalumu wa huduma ya umma kwa euro 60 kwa mwezi, au 157 ukiwa na miaka 65 na zaidi, ingawa punguzo la bei ya dawa halimo. Kosta Rika, ambayo ndugu Mstaafu Mtarajiwa hakuitaja, inataka pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi na inamlazimisha mkaazi kuchangia mfuko wa taifa wa afya uitwao Caja. Wengine hulilalamikia sharti hilo. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu mimi naliona ni zawadi.

Panama, kwa upande wake, viza ya wastaafu hukupa punguzo kwa huduma nyingi, hata ada ya daktari, lakini yenyewe haikuingizi katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Thailand ina hospitali binafsi nzuri sana, nami nazisifu, ila unalipa mwenyewe.

Walio na haki ya Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, wakumbuke kwamba kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi, na anayeacha kulipia sehemu B, ile ya huduma za madaktari, kisha akarudi baadaye huongezewa ada kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila kujiandikisha.

Msomaji wa Sheria

Kuhusu kulindwa kwa waliokwisha kuingia, Malaysia inafundisha mengi. Mpango wake wa makazi ya muda mrefu ulianza 2002, ukasimamishwa 2020, na ulipotangazwa upya 2021 kiwango cha mapato ya mwezi kilirushwa kutoka ringgit 10,000 hadi 40,000. Waliokuwa wameishi huko kwa miaka walipata hofu kubwa, na baada ya malalamiko serikali ikawaondolea wa zamani sehemu kubwa ya masharti mapya. Mwaka 2024 mpango ukabadilishwa tena: sharti la mapato likaondoka, zikaja amana zinazoanzia dola 150,000 katika madaraja yake makuu, pamoja na sharti la kununua nyumba. Kwa akiba mliyoieleza, hilo limewafungia mlango.

Ukaazi wa Panama kwa wastaafu ni wa kudumu, wala hauhuishwi kila mwaka kama ule wa Thailand. Tofauti hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayehuisha kila mwaka hukutana na sheria mpya kila mwaka.

Naomba pia muitazame hesabu ambayo hakuna aliyeigusa. Mmoja wenu akitangulia, pensheni itabaki shilingi ngapi? Ikiwa mfuko humlipa mjane au mgane nusu, zitabaki dola 950. Hizo hazifiki 1,000 za Panama, na zikibadilishwa kuwa euro hazifiki 920 za Ureno.

Mstaafu Mtarajiwa

Nawashukuru kwa dhati. Swali la mwisho limenifanya niwasiliane na mfuko wetu kabla ya kujibu. Kwetu anayebaki hulipwa nusu, isipokuwa kama tutachagua, kabla ya malipo ya kwanza, kupokea dola 1,700 sasa ili atakayebaki alipwe robo tatu, yaani 1,275. Uchaguzi huo hufanywa mara moja na haubadilishwi.

Tukiwa wawili, 1,700 inavuka kiwango cha Panama kwa raha na cha Ureno kwa tofauti ndogo. Akibaki mmoja, 1,275 inavuka kote kuwili. Thailand tumeiondoa, kwa sababu tusingependa dawa za mwenzangu zitegemee thamani ya dola na hiari ya kampuni ya bima. Kwa kuwa Muuguzi Mstaafu ameeleza vizuri habari ya matibabu, tumeiweka Ureno mbele, na tutaomba mapema kabla ya kima cha chini kupanda tena. Kosta Rika tutaichunguza sambamba nayo. Fomu ya mfuko tutaijaza kwa 1,700.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu, mkienda kuomba, chukueni barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa badala ya majina ya kibiashara, na dawa za kuwatosha mpaka namba ya mtumiaji itakapotoka. Ofisi za ukaazi za Ureno zina mrundikano mkubwa wa maombi, na shinikizo la damu halisubiri miadi.