Nimeuziwa tyuna inayojishusha yenyewe, halafu naambiwa shida ni sikio langu!

Wadau, habari za jioni. Huu ndio uzi wa kwanza ninaoufungua humu. Nyuzi nyingine zote nilizowahi kufungua maishani zilikuwa za gitaa, na ningependa iendelee kuwa hivyo, lakini leo nikinyamaza nitapasuka.

Miezi miwili iliyopita niliingia duka moja la vyombo vya muziki hapa katikati ya jiji la Nairobi. Silitaji, sitaki kesi. Nikanunua tyuna ya kubana, kile kifaa kinachokuonyesha kama uzi umekazwa kwenye noti yake, ile ndogo unayoibana kwenye kichwa cha gitaa kama kibanio cha nguo. Shilingi 1,800. Kabla ya hapo nilikuwa natumia programu ya simu, lakini simu inasikiliza kwa maikrofoni, na ukiwa ndani ya hema la harusi, jenereta inanguruma, watoto wanakimbizana, MC anajaribu spika "moja mbili, moja mbili", simu haijui imsikilize nani. Hii ya kubana ina kihisi cha piezo kwenye mdomo wake, kinanasa mtetemo wa mbao yenyewe. Mbao ikitetemeka inajua. Kelele za hewani haziihusu sana. Kwa mtu anayekula kwa harusi na ruracio (sherehe za mahari), hicho si kifaa cha anasa.

Kijana wa kaunta akaniambia, "Mzee, hii haikosei. Ikiwaka kijani, wewe piga tu."

Basi nikapiga.

Bendi yetu ni gitaa la solo, la ridhimu, besi, kinanda na ngoma. Tyuna ikiwa moja, tulikuwa tunapokezana: solo, kisha ridhimu, kisha besi. Kijani, kijani, kijani. Tukijaribu sisi watatu peke yetu tunaingiana mpaka mnatabasamu wenyewe. Akiingia kinanda tu, balaa. Sauti inaanza kuyumba, wawawawa, kama redio iliyokosa stesheni. Sasa hapo ungemlaumu nani? Watu watatu wanakubaliana, mmoja yuko nje. Kura ikapigwa bila hata mkutano.

Yule kijana wa kinanda ni mpole, na kinanda chake ni cha mtumba, kwa hiyo kesi yake ilikuwa imeshaharibika kabla haijasikizwa. Harusi ya kwanza ilikuwa Ruiru. Mwimbaji wetu alikuwa akimgeukia kila baada ya beti moja na kumtolea macho mbele ya wageni. Ya pili Kitengela. Huko tulimwambia apunguze sauti. Wimbo wa tatu tukamwambia apunguze tena. Wimbo wa nne tukamwambia azime kabisa. Akakaa pale na suti yake, mikono mapajani, karibu saa nzima, anatazama watu wakicheza. Na aliyemwambia azime ni mimi.

Haikuishia hapo. Wiki iliyofuata alikibeba kile kinanda kwenye matatu mpaka Luthuli Avenue, kwa fundi. Fundi akakifungua, akatazama, akasema hakina kitu. Akamtoza pesa ya kukifungua. Kijana akarudi mazoezini akatuambia, "Fundi anasema kiko sawa." Mpiga besi akacheka. Nami nikacheka. Sitaki kuzungumzia hilo tena.

Sasa, Jumapili iliyopita stima zilipotea mtaani kwetu Umoja. Hakuna televisheni, simu ina asilimia tisa, nikachukua gitaa nipigie giza. Nikaibana tyuna. Katika mwanga wa kawaida unaona sindano na herufi ya noti, basi. Kwenye giza kile kioo kilikuwa ndio taa pekee chumbani, na hapo ndipo nilipoona tarakimu ndogo sana pembeni, ndogo kama chungu: 430.

Kwa wasiojua. Ile noti ya A ambayo vyombo vyote vinaitumia kama kipimo ni Hz 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Walikubaliana hivyo kwenye mkutano wa London mwaka 1939, ISO, shirika la viwango la kimataifa, ikaipitisha 1955 na kuithibitisha tena 1975. Kinanda cha umeme hutoka kiwandani na 440 na hakitoki hapo mpaka mtu aingie kwenye mipangilio akiguse. Tyuna yangu ilikuwa inaamini A ni 430. Wanamuziki hupima tofauti kwa senti, na kutoka noti moja hadi jirani yake wa karibu kabisa ni senti 100. Kutoka 440 hadi 430 ni kama senti 40. Yaani tulikuwa tumeteleza karibu nusu ya njia kuelekea noti nyingine, sisi watatu, tumeshikana mikono, na taa ya kijani inatupongeza. (Shilingi 1,800 na senti 40. Hiyo ndiyo bei kamili.)

Aliyebadilisha ni nani? Si mimi, si mtoto. Kifaa hiki kina kitufe cha kushusha hiyo namba, na aliyekibuni amekiweka mgongoni, pale pale kichwa kinapokunjika. Ukikibana halafu ukageuza kioo kikutazame, mgongo unagusana na mbao ya gitaa na kitufe kinabonyezwa. Mara moja. 439. Mtu wa pili anabana, 438. Wa tatu, 437. Mazoezi manne tu yanatosha, hesabu mwenyewe. Na ukizima, haisahau, inakumbuka pale ilipofikia. Ikifika 430 inagota, haiwezi kushuka zaidi. Ndiyo maana tulikuwa tunaelewana vizuri hivyo: wote tulikuwa tumeshafika sakafuni.

Jumatatu asubuhi nikawa dukani kabla hawajamaliza kupandisha shata. Nikamweleza kijana polepole, kwa heshima. Akaichukua, akabonyeza bonyeza, 440. "Tayari mzee, ulikuwa umeiguza vibaya." Nikamwomba anishikie gitaa moja la dukani. Nikaibana mbele yake, nikageuza kioo. 439. Nikaibandua, nikaibana tena. 438. Akatazama kidogo, kisha akaniambia maneno haya, nayaandika kama yalivyo:

"Usiwe unaibana hivyo."

Jamani! Ni tyuna ya KUBANA! Niibane vipi? Niiegemeze? Niishikilie kwa meno?

Akamwita mwenye duka. Mwenye duka hakuishika hata. Akaniuliza nimepiga gitaa miaka mingapi. Nikamwambia kumi na sita. Akasema, "Basi miaka kumi na sita ungekuwa ushasikia kwa sikio lako kwamba iko chini. Mashine haikosei, sikio ndilo linakosea." Halafu akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hapo alinichoma, kwa sababu kuna ukweli kidogo. Sikio langu halibebi 440 kichwani. Watu wenye kipaji hicho ni wachache sana. Sikio langu linajua kama nyuzi zangu zinapatana zenyewe kwa zenyewe, na zilikuwa zinapatana. Lakini pia lilikuwa limesikia kinanda, miezi miwili, na likachagua nani wa kulaumiwa. Hilo ni langu, si la duka. Ila hata hivyo, mzee, wewe ndiye uliyeniuzia kifaa kwa kunihakikishia hakikosei! Huwezi kusema mashine haikosei siku ya kuuza na siku ya kurudisha pia.

Hiyo karatasi ya ukutani nayo, msiiogope sana. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012. Karatasi ya gundi haifuti Katiba. Risiti sikupewa, lakini nililipa kwa M-Pesa na ujumbe bado ninao.

Najua kuna atakayekuja hapa chini kuniambia wazee wa benga, ule muziki wetu wa gitaa, walirekodi River Road bila tyuna yoyote. Kweli kabisa. Na mjomba wangu anakaza nyuzi nane za nyatiti, kile kinubi cha Waluo, kwa sikio, na hakuna aliyewahi kumuuliza Hz. Lakini nyatiti inajisikiliza yenyewe na sauti ya mwimbaji. Na wale wazee, mmoja alikuwa anatoa sauti, wengine wanakaza kumfuata. Sisi pia bila kinanda tungefika salama, tena wageni wasingejua kitu. Kinanda ndicho kilichokuwa shahidi pekee, na shahidi tukamzima.

Jambo lingine dogo, na hili si la kitufe. Hii tyuna ukipiga uzi mnene wa E kwa nguvu, mara nyingine inaandika B. Mwanafunzi wangu aliona B, akadhani amepotea, akakaza, akakaza, uzi ukamkatikia usoni. Sababu yake ni kwamba ndani ya E ya Hz 82 mna sauti nyembamba zinazolia pamoja nayo, na ile ya mara tatu yake, karibu Hz 247, ni B. Tyuna nzuri hutambua mama ni nani na mtoto ni nani. Ikikusumbua, piga kwa kidole gumba, taratibu, karibu na freti (kile kipau cha chuma shingoni) ya 12. Kwa besi, yenye E ya Hz 41, hii yangu huwa inahangaika mpaka unaihurumia.

Basi ninachotaka ni mambo mawili. Kwanza, wenye tyuna za kubana, tazameni pembeni ya kioo SASA HIVI, kabla ya kazi ya Jumamosi. Pili, kama kuna mtu aliyewahi kurudishiwa pesa na duka lenye karatasi ukutani, aniambie alipitia wapi.

NYONGEZA, Jumatano usiku: Kwa wanaouliza, hapana, pesa sijarudishiwa. Mwenye duka amesema anaweza kunipa punguzo kidogo nikinunua tyuna NYINGINE kama hii. Sina la kuongeza. Kile kitufe nimekikatia kipande cha kadibodi cha boksi la betri nikakiziba na gundi, na sasa namba haisogei. Ulemavu wa shilingi 1,800 umetibiwa na takataka.

Na kwa yule aliyeuliza kuhusu kijana wa kinanda: nilimpigia jana. Nilimweleza yote, ile 430, kitufe, sisi kugota sakafuni. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Kwa hiyo fundi alikuwa sawa?" Nikamwambia alikuwa sawa. Nimemrudishia pesa ya fundi na ya matatu, kwenda na kurudi.

Amekubali kuja kazi ya Jumamosi, Syokimau, lakini kwa sharti moja. Kabla ya wimbo wa kwanza, tyuna ikae mfukoni. Nisimame mbele ya kinanda chake, wageni wakiwa wameshaketi, nimwombe A kwenye maikrofoni.