Bendi ya watu watano, baa ya makuti, mtaji milioni 6: tununue vyombo gani kwanza?

BesiYaKihonda:

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Morogoro, mchana nauza vipuri vya pikipiki, jioni napiga besi. Tumejikusanya watano: solo, rizimu, besi, drams na dada mmoja ambaye akianza kuimba hata wanaobishana mpira wanageuka. Tunapiga zilipendwa, maana mji huu usipowapigia Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah watu wanakuona mgeni, na ikishapita saa nne tunaingia kwenye sebene ili wainuke. Mimi na rizimu tunaitikia.

Mama mmoja mwenye baa ametupa Ijumaa na Jumapili. Kinachotuumiza ni muziki wa kukodi, yaani spika, miksa na maiki. Kila siku ya kazi tunalipwa 400,000, jamaa wa muziki anaondoka na 120,000, na kijana wake wa miksa anapandisha kila kitu mpaka mwisho halafu anahamia kwenye mishikaki. Nikipiga hesabu, wiki 25 za kukodi ni milioni 6, na milioni 6 ndiyo tuliyonayo, humo ndani kuna kiinua mgongo cha mpiga solo.

Ukumbi ni banda la makuti, pande tatu wazi, nyuma yetu ukuta wa bati, kulia jiko la nyama choma. Likijaa ni watu 80. Meza ya kwanza iko karibu kiasi kwamba mteja anaweza kuniwekea soda juu ya amplifaya bila kunyanyuka kwenye kiti, na ameshafanya hivyo.

Kariakoo nimepewa bei ya seti nzima: spika mbili za inchi 15 zimeandikwa wati 3000, amplifaya yake, miksa ya chaneli 12 na maiki nne za Shure, vyote milioni 4.5. Upande mwingine kuna kanisa hapa mjini linahamia jengo kubwa, linauza spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani. Mpiga drams wetu anasali hapo. Nichukue ipi? Mama naye anasema yuko tayari kuongeza milioni 2 tuchukue na sabufa.

Nawasilisha.

Gongagonga:

Mkuu wewe ni mpiga besi halafu unauliza habari ya sabufa? Chukua mbili za inchi 18, pokea hela ya mama, mengine yatajileta. Mbongo hachezi muziki usiomgonga kifua.

FundiMitambo_Mwanza:

Gongagonga ndugu yangu, hiyo ni hesabu ya disko. Bendi tayari ina drams, na drams hazina kitufe cha kupunguza. Kwenye banda la watu 80, ukubwa wa sauti anaupanga mpiga drams kwa mikono yake; wengine wote mnamfuata. Kitu pekee kisichoweza kumfikia bila msaada ni koo la huyo dada. Kwa hiyo hela ya kwanza yote iende kwenye sauti ya mtu: maiki, miksa ndogo, spika mbili. Gitaa na besi zibaki na amplifaya zao. Drams msiziwekee maiki hata moja.

Sasa hizo wati 3000. Kabla hujatoa hela, izungushe hiyo amplifaya usome fyuzi nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Fyuzi ikiwa ya ampea 5, zidisha: 1,150. Hizo ndizo wati inazoweza kuvuta ukutani kwa muda mrefu. 3000 za kudumu zitatoka wapi, kwenye maombi? Wanaandika kile kilele cha kufumba na kufumbua. Wewe tafuta namba iliyoandikwa RMS, hiyo ndiyo ya kudumu. Na hata wati zikiwa za kweli, ukizifanya mara mbili unapata desibeli 3 tu, ambazo mteja mwenye bia ya tatu hazitambui. Lakini mtu aliyekuwa mita 8 kutoka kwenye spika ukimsogeza awe mita 4, sehemu ya wazi kama hapo, ni karibu desibeli 6, na hujatoa hata shilingi.

Maiki nne za Shure ndani ya seti ya bei hiyo, anza kwa kutoamini. SM58 halisi huko Marekani inazunguka kwenye dola 100 kwa moja. Imekuwepo tangu 1966, kila mtu anaijua kwa sura, ndiyo maana inaigwa. Nenda nayo kwa muuza vitunguu uiweke kwenye mizani: halisi ni gramu 298 hivi bila waya, feki nyingi ni nyepesi. Ikiwa na swichi ya kuwasha na kuzima huku inauzwa kama SM58 ya kawaida, itilie shaka, kwa sababu yenye swichi huwa inaitwa SM58S. Nunua mbili za kweli: moja ya dada, nyingine wewe na rizimu mtashirikiana. Kusogeleana kwenye maiki moja kutawafundisha kuitikia vizuri kuliko nitakavyowaeleza hapa.

Spika za kanisa ndizo ningeziangalia mimi, ila siyo kwa sababu ni za kanisa. Spika zenye amplifaya ndani zinakupunguzia hesabu za kulinganisha amplifaya na spika, na inchi 12 nzuri inatoa sauti ya mtu safi kuliko inchi 15 ya bei ya kutupa. Mwombe mzee wa kanisa akuruhusu uzipige nusu saa mfululizo, kwa nguvu ya ibada ya Jumapili. Simama mbele ya kila moja peke yake. Usiposikia kile kisauti chembamba cha juu, cha matoazi na herufi S, dereva ya juu, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, imekufa. Ikizimwa, sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza au ukinusa harufu ya kuungua, koili imeshaguswa na moto. Bei ishuke au muondoke.

Kuzipanga: ziwe mbele ya mstari wa maiki, zisimame juu ya stendi kiasi kwamba sehemu ya juu inapita vichwa vya waliokaa. Spika iliyokaa sakafuni inawahutubia magoti ya meza ya kwanza, nyuma hawapati kitu. Monita ya dada, yaani spika ya kujisikilizia, iwe chini mbele yake, ikitazama mkia wa maiki, kwa sababu SM58 haisikii vizuri kinachotoka nyuma yake. Akikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja kama watu wa kurap, itaanza kusikia kila upande na mluzi utakuja palepale. Kwa huo mluzi watu wanailaumu miksa.

Lile bati nyuma yenu tundikieni mablanketi mazito au mazulia ya zamani, sauti ya drams ikigonga pale inarudi yote kwenye maiki. Amplifaya za gitaa ziwe juu ya kreti za bia, mziinamishe zitazame uso wa mpigaji. Mpiga solo anaongeza sauti kila baada ya wimbo kwa sababu amplifaya inampigia magotini, na masikio yake hayako magotini. Kwenye miksa, kila chaneli ya mwimbaji bonyeza kile kitufe cha kukata sauti za chini, mara nyingi kimeandikwa 80 Hz. Vishindo vya miguu na hiyo besi yako vitapungua kwenye maiki ya dada.

Zinazobaki nunua waya nzuri na stendi nzito. Hapo ndipo bendi changa zinabania, halafu shoo inakatika kwa waya wa elfu kumi.

KinandaDodoma:

Fundi kamaliza. Mimi naongeza moja tu: hizo pande tatu zilizo wazi, zinatazama nini? Kama kuna nyumba za watu, geuzeni spika zenu zitazame ukumbini na barabarani, siyo madirishani kwa watu. Kanuni za kelele zipo tangu 2015 na NEMC, baraza la mazingira, wanazitumia. Mwaka 2023 walifungia baa na kumbi kadhaa. Anayefungiwa ni mama, ila Ijumaa zenu nazo zinaondoka. Kajisajilini BASATA pia, baraza la sanaa, na mumuulize mama kibali cha muziki wa baa yake kinasemaje kuhusu saa ya kuzima.

BesiYaKihonda:

Nashukuru sana wakuu, dada wa Dodoma nimekuelewa: upande wa kushoto kuna nyumba, tutageuza.

Fundi, mawili. Kwanza, majokofu ya mama yakiwaka kwa pamoja taa zinafifia na muziki unakoroma. Pili, mpiga rizimu akigusa maiki kwa mdomo huku mkono uko kwenye nyuzi, anapigwa shoti. Siyo kubwa, inamng'ata tu. Tumeivalisha maiki sponji na sasa hajambo.

FundiMitambo_Mwanza:

Hilo la pili ulitakiwa kuanza nalo. Msipige tena hapo mpaka fundi umeme apime. Sponji ikilowa mate na jasho, inapitisha umeme.

Kinachotokea ni hiki: nyuzi za gitaa zimeunganika na bodi ya amplifaya, lile kasha la chuma, kupitia jeki, maiki imeunganika na bodi ya miksa. Vyote viwili vikiwa na ethi nzima, ule waya unaoshuka ardhini, vinalingana, mdomo hauoni kitu. Kimoja kikikosa ethi, bodi yake inabaki na umeme unaotafuta njia, na njia ni mdomo wa rizimu. Tazama kama kuna ekstensheni ya pini mbili, au plagi ambayo mtu aliikata pini ya ethi ili kuondoa mngurumo. Wanaofanya hivyo ni wengi na wanajiona wajanja. Kama soketi yenyewe ya baa haina ethi, mama achimbiwe. Halafu kwenye laini ya jukwaa kifungwe kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, kimeandikwa 30 mA. Hicho kwenye bajeti yako kinatangulia spika.

La majokofu ni jepesi. Vyombo vyote vya jukwaani vitoke kwenye soketi moja yenye laini yake kutoka kwenye ubao mkuu, mbali na laini ya majokofu, na hapo kati pawe na stabilaiza. Mkitoa vyote sehemu moja, ule mngurumo nao kwa kawaida unapungua, bila kukata pini ya mtu.

MzeeWaRizimu_Tanga:

Wanangu, naona mnazungumza vyombo ni vipi, hamjazungumza vyombo ni vya nani.

Sisi wa zamani tulipiga kwenye bendi ambazo vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Gitaa la chama, drams za chama. Ulikuwa mshahara wa uhakika, sikatai. Lakini mwanamuziki akihama, na tulikuwa tunahama kama wachezaji wa mpira, anaondoka na nguo zake na jina lake. Gitaa linabaki kumsubiri mwingine.

Huyo mama akiweka milioni 2 kwenye sabufa, siku mkikosana atasema sabufa ni yangu, na atakuwa na haki. Kama mnaihitaji hela yake, iwe mkopo wa kwenye karatasi: akate 50,000 kila onyesho, maonyesho 40, kwa siku mbili za wiki miezi mitano haiishi vizuri deni limekwisha. Ila nasikia fundi anasema sabufa haihitajiki. Basi deni la nini?

Lililo gumu zaidi ni ninyi kwa ninyi. Kiinua mgongo cha mpiga solo ni kiasi gani kati ya hizo milioni 6? Kama yeye katoa milioni 3 na drams katoa laki 4, mkigawana mapato sawa bila maandishi, mwezi wa nane mtagombana kwa jambo jingine kabisa, labda nauli, lakini chanzo ni hicho. Andikeni kila aliyetoa katoa nini, na akitoka analipwa nini, kwa bei ya siku anayotoka, kwa sababu spika inachakaa. Mpiga solo arudishiwe chake kwanza kutoka kwenye ile 120,000 mliyokuwa mkimpa jamaa wa kukodi. Mlishazoea kutokuwa nayo.

BesiYaKihonda:

Shikamoo mzee. Solo katoa milioni 3 na laki 2, umekisia kama ulikuwepo. Leo jioni tunakaa na daftari. Mama nimemwambia asante, hela yake akachimbie ethi, kacheka ila kakubali kumleta fundi umeme Jumatatu. Ijumaa hii tunapiga bila umeme, gitaa mbili za mbao, tumba moja na dada.

Kanisani tumeambiwa twende Jumamosi. Wameanzia milioni 2.8 kwa zote mbili.

MzeeWaRizimu_Tanga:

Marahaba mwanangu. Tumba na gitaa za mbao ndiyo itakayowaonyesha kama mnajua kupiga.

FundiMitambo_Mwanza:

Usitaje bei yako kabla ya ile nusu saa. Nenda na maiki moja na simu yenye wimbo unaoujua kila kona. Piga picha ya lebo za nyuma za spika zote mbili, uziweke hapa kabla hujalipa.